Nilimsahau mwanangu chuoni

Shangazi, shikamoo.

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaifuta. Naomba ukiichapa usiweke jina langu, maana Tanga ni mji mdogo na mtaani kwetu neno halilali.

Nina miaka 36, naishi Makorora, nina watoto wanne. Binti yangu mkubwa yuko darasa la saba, anayemfuata ni wa kiume yuko la nne, wa tatu ana miaka mitano yuko awali, na kitinda mimba ana miezi tisa, bado ananyonya. Mume wangu ni fundi umeme wa majumbani. Siku nyingine kazi ipo, siku nyingine haipo. Hanywi, hanipigi, na akipata hela hafichi. Nayasema haya mapema usije ukadhani nimekuja kumshtaki. Mdogo wake naye tunaishi naye tangu mwezi wa kwanza, anatafuta kazi.

Naamka saa 10 alfajiri kupika vitumbua. Mchele nauroweka asubuhi kabla ya kwenda kazini, jioni nausaga na tui, hamira na iliki, usiku unaumuka. Natoa vitumbua 80, kila kimoja shilingi 200. Mchele, nazi, sukari, mafuta na mkaa vinakula kama elfu 12, kwa hiyo inanibakia elfu 4 kwa siku, siku sita kwa wiki. Saa 12 wateja wanaanza kuja, na hapo hapo naamsha watoto, natafuta soksi, nasuka nywele zilizofumuka, namnyonyesha mdogo. Saa 1 na nusu nampandisha mtoto mgongoni, nachukua baiskeli, nampeleka kwa mama mkwe Mabawa, kisha naingia kazini Ngamiani saa 2. Mimi ni karani kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Saa ya chakula cha mchana narudi Mabawa kunyonyesha, nikimaliza saa imekwisha, narudi bila kula. Kutoka ni saa 11, lakini bosi mara nyingi ananiambia "malizia hesabu", inafika saa 12. Jumamosi tunafanya hadi saa 7 mchana.

Nikitoka napitia Mgandini kununua mboga na nazi, nampitia mtoto, nafika nyumbani magharibi. Hapo ndipo napika, nasaga mchele, naangalia madaftari, nafua sare. Binti ananisaidia: anaosha vyombo, anamwogesha mdogo wake, Jumamosi anafua. Mwalimu wake kaniambia siku hizi anasinzia darasani. Nalala saa 5 usiku na mtoto ananiamsha mara mbili kunyonya. Siku nyingine nikifika mlangoni nasimama kidogo nje kabla ya kuingia, sijui kwa nini.

Sasa lililonifanya niandike. Watoto wangu wawili wa kiume huenda chuoni, yaani madrasa, alasiri, mkubwa anamshika mdogo mkono, na kabla ya magharibi wanarudi. Jumatano moja mkubwa alikuwa na homa, akabaki amelala. Binti wa jirani akampeleka mdogo, lakini yule binti akitoka chuoni hulala kwa bibi yake, kwa hiyo nilijua mimi ndiye wa kumpitia. Nililijua tangu asubuhi. Bosi akanichelewesha, nikakimbilia sokoni, nikamchukua mtoto Mabawa, nikafika nyumbani kumwangalia mgonjwa. Mume wangu na mdogo wake walikuwa barazani wanazungumza. Adhana ya magharibi ikapita, nikawasha jiko, nikaanza kukuna nazi. Nikasikia kengele ya baiskeli. Ni maalim, na mwanangu kakaa nyuma na kanzu yake, kamshika kiunoni.

Maalim hakunisema hata kidogo. Alisema, "Huyu kaniambia leo mama yake kachoka, nikaona nimlete."

Shangazi, ile nazi sikuimaliza.

Usiku ule mume wangu alinifokea, "Mwanamke gani anamsahau mtoto?" Kesho yake akatulia, akaja na mawili: niache vitumbua, au huyu wa miaka mitano aende kwa mama yangu Muheza mpaka atakapoanza darasa la kwanza. Mama mkwe anasema wao walizaa saba, wakalima, na hakuna aliyesahauliwa.

Mimi vitumbua sitaki kuviacha. Ndivyo vilivyonunua baiskeli, ndivyo vinavyonilipia kikoba, na ndiyo hela pekee ninayoitumia bila kumweleza mtu. Lakini mtoto naye sitaki aondoke. Nimenunua daftari la kupangia siku, nimeweka kengele saba kwenye simu, sasa nazizima bila kusoma zinasema nini. Shoga yangu huniletea video za akina mama wanaoamka mapema na kumaliza kila kitu. Mimi naamka mapema kuliko wao na simalizi. Sijui kupanga muda. Nakuomba unipangie ratiba, na uniambie nikubali lipi kati ya yale mawili.

Mama wa Wanne, Makorora

* * *

Marahaba, mwanangu.

Mara ya kwanza niliisoma barua yako kama ulivyotaka niisome, barua ya mama asiyejua kupanga muda. Mara ya pili nikachukua kalamu. Tangu saa 10 alfajiri hadi saa 5 usiku ni masaa 19. Yanabaki matano ya kulala, na hayo nayo mtoto anayakata mara mbili. Ndani ya masaa 19 nikatafuta mahali ulipotulia bila kazi mkononi. Nimepaona pale mlangoni tu, kabla ya kuingia, na hapo penyewe ulikuwa umesimama.

Kwa hiyo ratiba sitakupa, maana unayo. Mtu asiyejua kupanga muda hatoi vitumbua 80 kila alfajiri akafika kazini saa 2 na watoto watatu wamekwisha kwenda shule wamevaa soksi. Ratiba yako naiona ina kasoro nyingine: imebanwa mno, haina nafasi ya homa. Mtoto mmoja kaugua siku moja, kitu cha kawaida kabisa kwenye nyumba yenye watoto, na kamba nzima ikakatika. Nikikuongezea kengele ya nane nitakuwa nimekuongezea kitu cha kuzima.

Turudi kwenye ile Jumatano. Unasema ulimsahau mwanao. Ni kweli, na najua lilivyokuumiza, sitakuambia kwamba si kitu. Lakini nikiitazama nyumba yako magharibi ile naona watu wazima watatu. Wawili wako barazani, adhana imepita juu yao kama ilivyopita juu yako, na mtoto wa miaka mitano hayupo. Hakuna aliyeuliza yuko wapi. Aliyelaumiwa ni mmoja, aliyekuwa jikoni na nazi mkononi, ana mgonjwa ndani na mtoto mchanga mgongoni.

Simsemi mumeo. Umeniomba nisimwone mbaya na simwoni hivyo. Nadhani hata kusahau hakusahau, kwa sababu hakuwahi kukabidhiwa kukumbuka. Nani anamchukua nani, hamira imebaki kiasi gani, lini ni siku ya kliniki, sare ya nani imechanika, mwalimu kasema nini: hayo yote yanakaa kichwani mwako peke yako, wenzako wanaishi humo humo ndani bila kuyajua. Watu wakikusaidia wanakusaidia mikono. "Niambie nifanye nini." Na kumwambia mtu afanye nini ni kazi, mwanangu, tena ni kazi isiyolala. Ndiyo maana nakuuliza swali ambalo barua yako haikuliuliza: umepungukiwa na saa, au umelemewa na kuwa kumbukumbu ya watu saba?

Nimesema saba. Nimemhesabu na shemeji yako. Umemtaja kwa mstari mmoja kisha ukaendelea na habari ya mchele, na mimi hapo nilisimama. Kijana mzima yuko nyumbani tangu mwezi wa kwanza, na katika masaa yako 19 sikuona hata moja linalopita mikononi mwake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pengine unaona haya kwa kuwa ni ndugu wa mume, pengine unaogopa itasemwa kwamba umemfanya mtumishi. Woga huo naujua na haukutoka hewani. Lakini jembe lenyewe laweza kuwa kumchukua mtoto chuoni. Hiyo ni kazi ya heshima kwa kijana, ya mjomba, kaka au baba mdogo yeyote.

Na akipewa, apewe nzima. Hapa ndipo akina mama wengi tunapokwama, tunatoa kazi na kubaki na wasiwasi wake. Kengele ya kumchukua mtoto itoke kwenye simu yako iingie kwenye ya kwake. Maalim ajue kwamba wa kupigiwa ni yule. Siku atakapochelewa, naye atachelewa, ni yeye atakayezungumza na maalim, usiende wewe kumtetea. Hilo litakuuma. Mtoto atarudi siku moja amechelewa robo saa, au amenunuliwa ubuyu kabla ya chakula, na moyo wako utakuambia uichukue kazi yako uifanye vizuri. Kama unajua hutaweza kuvumilia hilo, bora ujue mapema, maana ukimnyang'anya mara moja hatakubali tena kupewa.

Mama mkwe wako anasema kweli. Walizaa saba, walilima. Mimi nimekulia nyumba ya Kiswahili pale Ngamiani, vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, kila chumba mama na wanawe. Mama yangu alifanya kazi kuliko mimi. Lakini pale uani palikuwa na macho kumi na mawili. Aliyekwenda chuoni kumfuata wake alirudi na wa wote. Uji ulipowaka jikoni, aliyekuwa karibu aliutoa, hakuuliza ni wa nani. Hakuna aliyesahauliwa kwa sababu hakuna mtu mmoja aliyeachiwa kukumbuka. Siku ukiwa umetulia, usimjibu kwa kushindana, muulize: "Mama, ulipokuwa shambani, mume wangu alikuwa na nani?" Mwache asimulie. Mumeo awepo asikie. Nina hakika atataja majina ya wanawake watatu au wanne.

Sasa yale mawili ya mumeo.

Vitumbua kwanza. Umenipa hesabu yako na nimeipitia. Vitumbua 80 vinakugharimu elfu 12, yaani kila kimoja kinakula shilingi 150 kabla hujakiuza. Kwa hiyo lile wazo ambalo kila mtu atakupa, la kupeleka mzigo wote kwenye mgahawa kwa bei ya jumla, liangalie sana. Ukikubaliwa 170 inakubakia 20 kwa kila kimoja, shilingi 1,600 kwa siku, na saa 10 alfajiri utaamka vile vile. Kusaga, kupika na kuuza kunakula kama masaa matatu na nusu kwa siku, kwa hiyo hizo elfu 4 ni kama shilingi 1,100 na kidogo kwa saa. Nakutajia ili wewe uijue, asije mtu mwingine akakutajia akitaka kukuvunja moyo. Angalia pia kama umehesabu vile vinavyovunjika na vinavyoliwa na watoto asubuhi, maana navyo ni chai yao.

Lakini hesabu hiyo haina lile neno lako, hela ninayoitumia bila kumweleza mtu. Siwezi kuliwekea bei. Nimewaona wanawake walioacha kibiashara kidogo ili nyumba itulie, ikatulia kweli, na nimewaona walioacha wakabaki wanaomba hela ya mafuta ya nywele na uchungu ukaingia mahali pengine. Mumeo anapokuambia uache, je, anajua kikoba kinalipwa na nini? Anajua elfu 24 kwa wiki zinaziba tundu gani? Huenda anaona usumbufu tu kwa sababu haoni hela. Kumwonyesha kuna hatari yake, kwani hela ikijulikana huwa inapata wenyewe wengi. Hilo utalipima wewe unayemjua.

Kati ya kuacha na kuendelea pana njia nyingine. Waweza kupika siku tatu badala ya sita, ukapata alfajiri tatu za kulala, na kipato kikashuka hadi elfu 12 kwa wiki. Hatari yake ni wateja, maana mtu wa vitumbua akikukosa Jumatatu na Jumatano atajua njia ya kwa mwingine. Waweza kubakiza Jumamosi na Jumapili, kisha ukajaza nguvu Ramadhani, ambapo vitumbua vinatafutwa jioni na hakuna wa kukuamsha alfajiri kwa ajili ya biashara. Au wewe upike tu, na kuanzia saa 12 mtu mwingine akae pale mlangoni auze, apate fungu lake, wewe uwe na watoto. Unajua namfikiria nani.

Habari ya Muheza inanipa tabu zaidi. Mtoto kulelewa na bibi si aibu kwetu wala si kumtupa. Wengi tumekulia huko na tumetoka watu. Lakini nimetafuta kwenye barua yako huyu wa miaka mitano anachukua muda gani katika siku yako, sikuona hata saa moja. Anakwenda na wenzake, anarudi na kaka yake, dada yake anamwogesha. Akiondoka kazi itapungua kidogo sana, na mahali pake pataingia nauli, simu za kila usiku, na moyo wako uliogawanyika kati ya Makorora na Muheza. Mama yako naye hali yake ikoje? Hukuniambia kama ana nguvu, wala kama kaulizwa.

Na pana jambo la wakati. Akipelekwa sasa, wiki chache tu baada ya ile Jumatano, yeye ataunganisha mambo mawili. Alisahauliwa, kisha akaondolewa. Mtoto aliyeweza kumwambia maalim kwamba mama yake kachoka ni mtoto anayesoma nyuso za watu. Kama mtaamua aende, pengine iwe kwanza kwa likizo ya Juni, aone ni kutembelea, nanyi muone nyumba inakuwaje bila yeye. Zikipita wiki hizo na wewe bado unalala masaa matano, mtakuwa mmejifunza kwamba mzigo haukuwa yeye.

Sijamaliza, kuna binti yako. Naomba umtazame. Ana mtihani wa taifa mwezi wa tisa, anasinzia darasani, na katika orodha ya wanaokusaidia nyumbani ndiye pekee uliyemtaja. Mdogo wake wa kiume wa la nne hana hata sufuria moja. Najua kwa nini. Ndivyo tulivyolelewa, na najua litasemwa neno ukimwingiza mtoto wa kiume jikoni. Lakini mtoto wa miaka kumi anaweza kuosha vyombo vya jioni na kutafuta soksi za mdogo wake usiku badala ya asubuhi. Kila unachokipunguza kwako kikimwangukia binti, hujapunguza, umekihamisha.

Wapo watakaokuambia utafute msichana wa kazi. Kwa hela uliyonitajia sioni atalipwa nini, na wanaolipwa kidogo hivyo aghalabu ni watoto wa watu waliopaswa kuwa shule. Sitakushauri huko.

Kazini kwako kuna kitu ambacho huenda hukijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha amnyonyeshe mtoto wakati wa kazi, hadi masaa mawili kwa siku. Wewe unanyonyesha kwa saa yako ya chakula na kushinda njaa. Sheria hiyo hiyo inaweka masaa 45 kwa wiki kuwa ya kawaida. Nimehesabu yako: masaa manane kwa siku tano ukitoa ya chakula, na matano ya Jumamosi, yanatimia 45 kamili. Kile cha "malizia hesabu" ni kazi ya ziada. Inafanywa kwa makubaliano na inalipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida.

Sikuambii uingie dukani kesho na sheria mkononi. Sijui una mkataba wa maandishi au huna, na bosi wa duka dogo akichukia ana njia nyingi za kukuchosha. Unaweza kuanza na ombi, kwa upole, wakati ambao hana wateja: kwamba mtoto bado ananyonya, na ungependa mkubaliane namna ya kuyatumia hayo masaa mawili. Ukiyapata mwisho wa siku, ukatoka saa 9 badala ya 11, umerudi nyumbani alasiri, na mengi niliyoandika hapa juu yanageuka. Akikubali saa moja, ni saa moja. Akikataa kabisa, ofisi ya kazi ya mkoa ipo na kuuliza hakulipiwi, lakini fikiri kwanza kama uko tayari kwa yatakayofuata.

Kuna kitu kimoja kidogo ningependa mkijaribu kabla ya kuamua lolote kubwa. Kwetu siku huanza magharibi, ndiyo maana usiku wa kuamkia Ijumaa tunauita usiku wa Ijumaa. Wewe magharibi yako umeifanya mkia wa siku iliyopita, unafika nayo umeishiwa. Jaribuni kuifanya kichwa. Baada ya swala, kabla jiko halijakolea, wote mkiwa pamoja, aulize mtu mmoja kwa sauti: kesho nani anampeleka nani, nani anamchukua nani, na akiugua mmoja nani anashika zamu? Asiulize mama. Aulize baba, au binti na mdogo wake wa la nne kwa zamu. Dakika tano zinatosha. Mumeo anatoka kwenye nyaya za watu siku nzima na anajua kwamba ukipitisha umeme wote kwenye waya mmoja, huo ndio utakaoungua. Mwambie kwa lugha yake. Ila usimwambie usiku wa ugomvi. Chagua siku aliyopata kazi akarudi ana raha, na uanze na lile la maalim na baiskeli, kwa sababu naamini naye linamkaa rohoni na ile sauti kubwa ilitokana na hofu. Anaweza kukataa. Anaweza kukubali wiki mbili akaacha. Hayo nayo utakuwa umeyajua.

Na afya yako. Miezi tisa ya masaa matano ya usingizi uliokatika, unanyonyesha na mchana huli, kisha unaendesha baiskeli barabarani na mtoto mgongoni. Hilo la baiskeli limenitia hofu kuliko yote. Nenda kituo cha afya kilicho karibu upime wingi wa damu, uwaeleze usingizi unavyokuwa. Waeleze na ile habari ya kusimama mlangoni, usiione ndogo. Kama pale mlangoni huwa linakujia wazo la kutotaka kuingia tena, au kwamba wangeishi vizuri bila wewe, liseme siku hiyo hiyo, kwa muuguzi au kwa mtu unayemwamini.

Hukuniuliza kama wewe ni mama mbaya, lakini swali hilo nimelisikia kila mstari. Mwanao hakumwambia maalim kwamba mama kanisahau. Alisema kachoka. Kakutetea, wala hakufundishwa na mtu.

Kabla hamjakaa kuamua habari ya Muheza, kaa naye. Mwambie kwa maneno mepesi kwamba siku ile mama alisahau, na si kwa sababu ya kosa lake. Kisha muulize yeye mwenyewe angependa nani awe anamfuata chuoni. Likizo ikipita niandikie, nataka kujua alimtaja nani.

Shangazi